Je, Wewe Umo? Tulisome Bango la Vita la Mzee wa Paxtu

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo walivyonena wahenga, na sidhani kuna mwanafunzi katika shule hii ambaye hajawahi kuichomeka methali hiyo katika insha yake. Lakini leo, mpenzi msomaji, naomba ruhusa niipinge kidogo. Kuna vitu ambavyo hata mwenye macho lazima aambiwe tazama, tena aambiwe mara mbili. Kimojawapo ni bango la vita.

Bango la vita ni karatasi kubwa yenye picha na maneno machache, ambayo hubandikwa ukutani, posta, sokoni au katika stesheni ya gari-moshi ili kumshawishi mpita njia. Huenda linamtaka ajiunge na jeshi, atoe pesa, apunguze chakula, achunge ulimi wake au amchukie adui. Hiyo ndiyo propaganda. Wapo wenzetu wanaodhani kwamba propaganda ni uongo mtupu. La hasha! Propaganda nyingi zimeundwa kwa vipande vya ukweli. Ujanja uko katika kuvichagua vipande hivyo, kuvipanga, na kuviacha vingine nje. Basi tuchukue bango moja tulichambue kama tunavyochambua shairi darasani, ubeti kwa ubeti. Nimechagua moja ambalo mchoraji wake hayuko mbali nasi. Amelala hapa hapa Nyeri.

MCHORAJI NI JIRANI YETU

Anayeijua Nyeri mjini anayajua makaburi ya kanisa la Kianglikana la St Peter's. Humo amezikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti duniani. Alizaliwa Uingereza mwaka 1857, akawa mwanajeshi, na jina lake likavuma wakati wa vita vya Afrika Kusini, alipoulinda mji wa Mafeking uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217 kati ya 1899 na 1900. Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, na hapo uskauti ukaanza. Uzeeni, mwaka 1938, alihamia Nyeri pamoja na mkewe Olave, wakakaa katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na umri wa miaka 83. Kaburi lake linaelekea Mlima Kenya, na juu ya jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati. Skauti wote wanaijua alama hiyo ya njiani. Maana yake ni kwamba aliyeiacha amekwisha kwenda nyumbani.

Nyumba yake iliitwa Paxtu. Jina hilo lina mafumbo. Pax ni neno la Kilatini lenye maana ya amani. Huko Uingereza familia hiyo ilikuwa na nyumba iliyoitwa Pax Hill, waliyoipata wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimefikia mwisho. Ya Nyeri ikawa Pax ya pili, na kwa mzaha wa kuyaunganisha maneno ikawa Paxtu. Kwa hiyo mzee huyu alimalizia siku zake katika nyumba ambayo sisi wa Chama cha Kiswahili tungeiita "Amani ya Pili".

Lakini mwaka 1915, kabla ya amani yoyote kupatikana, mkono huo huo ulikuwa umechora bango la kuwaita watu vitani.

Wala asidhani mtu kwamba alikuwa mwanajeshi aliyejaribu kuchora tu. Baden-Powell alikuwa mchoraji hodari, aliyeweza kutumia mkono wa kulia na wa kushoto, na vitabu vyake vingi alivitia picha mwenyewe. Alijua jicho la mtu linaanzia wapi na linaishia wapi.

KWA NINI BANGO LILIHITAJIKA?

Uingereza iliingia vitani Agosti 1914 bila sheria ya kuwalazimisha raia wake kuwa askari. Aliyetaka alijiandikisha, asiyetaka alikaa nyumbani. Nchi kama Ujerumani na Ufaransa zilikuwa na desturi ya kuwaandikisha vijana wote kwa lazima. Waingereza walilazimika kubembeleza.

Ndipo ilipoundwa Kamati ya Bunge ya Kuandikisha Askari. Kamati hii ilitoa mabango zaidi ya 100 ya aina mbalimbali, yakabandikwa kila pembe ya nchi. Huenda umewahi kuona katika kitabu cha Historia picha maarufu ya Bwana Kitchener mwenye masharubu akimnyoshea mtazamaji kidole. Ilichorwa na Alfred Leete na kutokea kwanza kwenye jalada la gazeti moja la London mwezi Septemba 1914. Wamarekani waliiga mtindo huo mwaka 1917, wakamweka mzee wao Uncle Sam mahali pa Kitchener.

Kidole cha Kitchener kinaamuru. Mabango mengine yalitumia aibu. Mwaka 1915 Savile Lumley alichora baba aliyeketi kitini, amempakata binti yake, na mvulana sakafuni anachezea vijiaskari vya sanamu. Binti anamwuliza babake alifanya nini katika ile vita kuu. Baba hajibu. Anatutazama sisi kwa macho ya mtu aliyebanwa. Hakuna bunduki wala damu katika chumba kile, lakini ni bango kali kuliko lile la kidole, maanake linampiga mtu mahali ambapo hawezi kujikinga, yaani mbele ya watoto wake.

Bango la Baden-Powell lilitolewa na kamati hiyo hiyo mwaka huo huo wa 1915. Nalo linatumia aibu, ila kwa njia yake.

TUITAZAME PICHA

Katika bango hili kuna kundi la watu walio mbioni kuendeleza vita. Yupo askari wa nchi kavu. Yupo baharia. Yupo muuguzi. Yupo mfanyakazi wa kiume na mwanamke wa kiwanda cha silaha. Yupo mvulana wa skauti. Halafu, kando ya hawa wote, yupo mwanamume mmoja aliyevaa nguo za kiraia, amesimama tu, mikono mfukoni. Chini yao kuna swali fupi la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili tungelisema hivi: Je, WEWE umo katika jambo hili? Neno "wewe" limetiliwa mkazo.

Basi. Hakuna zaidi ya hayo. Hebu sasa tuone jinsi kila kitu kilivyowekwa kwa makusudi.

Kwanza, mikono. Ukiitazama picha hii kwa haraka unaona watu wengi. Ukiitazama polepole unaona mikono mingi. Kila mtu ana shughuli mkononi, na kazi ya mmoja inamtegemeza mwenzake. Kiwanda kinamlisha askari, muuguzi anamtunza, na kijana anasaidia panapohitajika msaada. Ni kama mnyororo. Katika picha nzima kuna mikono miwili tu isiyoonekana, nayo ni ya yule bwana. Mchoraji hakumpa sura ya kutisha wala pembe kichwani. Amemwekea mikono mfukoni na kumwacha hapo. Sisi wanafunzi hatuhitaji kufafanuliwa ishara hiyo. Mwalimu wa zamu akikukuta umesimama hivyo asubuhi wenzako wakifagia, haulizi unafikiri nini. Anasema, "Wewe! Toa mikono mfukoni!" Lugha hiyo ya mwili inasomeka London na inasomeka Karatina vile vile.

Pili, mavazi. Katika isimu jamii tunafundishwa kwamba kila mahali pana sajili yake, yaani mtindo wa lugha unaopafaa. Mavazi nayo yana sajili. Wengine wote wamevaa nguo zinazotaja kazi yao, hata bila maandishi unamjua nani ni nani. Nguo za yule bwana hazitaji kazi yoyote. Ni nadhifu, si za maskini. Lakini katikati ya watu hawa unadhifu umegeuzwa kuwa kosa.

Tatu, nafasi. Wale wanaofanya kazi wamesongamana, bega kwa bega. Yeye ana nafasi ya kutosha kumzunguka. Kwa kawaida mtu mwenye nafasi ni mtu mwenye raha. Hapa nafasi imekuwa upweke. Mchoraji ametumia karatasi tupu kumtenga, kama vile wanakijiji wanavyomsogelea mbali mtu aliyevunja mwiko.

Nne, kisichotajwa. Hakuna adui katika bango hili. Hakuna Mjerumani, wala hakuna mfalme. Halisemi "nenda vitani", halisemi vita vinapiganiwa nini, halitaji malipo wala kifo. Mtu aliyeumia hayumo, ingawa muuguzi yumo. Vita vimefanywa kuonekana kama kazi ya pamoja, kama ujima wa kulima shamba la jirani au kujenga darasa la harambee. Nani atakataa harambee?

UKO, UPO AU UMO?

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuliona bango hili vizuri kuliko hata wenye lugha yake. Sisi tunazo njia tatu za kumwuliza mtu alipo. Tukiuliza "uko?" tunataka kujua kwa jumla kama yu huko. Tukiuliza "upo?" tunataka mahali dhahiri. Lakini tukiuliza "umo?" tayari tumesema kwamba kuna ndani na kuna nje, kuna mpaka, na mtu hawezi kuwa pote pawili.

Swali la bango ni la "umo". Picha imechora ndani, ikachora nje, kisha maneno yakamtupia msomaji swali. Na angalia mtego ulivyo. Mtu anayelisoma bango barabarani anafanya nini wakati huo? Amesimama. Anatazama. Pengine mikono yake, kwa baridi ya Uingereza, imo mfukoni! Kabla hajajibu, bango limekwisha kumjibia. Yeye ndiye yule bwana wa kando. Leete alimnyoshea mtu kidole kutoka nje ya maisha yake. Baden-Powell alimchora mtu huyo ndani ya karatasi, akamwacha ajitambue mwenyewe.

Tukiwa waadilifu lakini, tumwulize na yule bwana. Kwa nini hana kazi? Pengine ni mgonjwa. Pengine ana mama mjane anayemtegemea. Pengine dini yake inamkataza kuua. Bango halimpi nafasi ya kusema. Hiyo ni sifa moja ya propaganda ambayo tunapaswa kuikumbuka: huuliza swali ambalo jibu lake limekwisha kuamuliwa.

MVULANA ALIYEMO

Kuna mtu mmoja katika picha hii anayetuhusu sisi wanafunzi hasa. Ni yule skauti. Ana umri kama wetu, au chini yetu.

Si kwamba mchoraji alimbuni. Vita vilipoanza, maskauti wa Uingereza walipewa kazi nyingi: kuzilinda nyaya za simu na madaraja, kupeleka barua na salamu, na kukaa pwani kuangalia meli. Kwa hiyo kumwonyesha akisaidia ni ukweli. Lakini jiulize amewekwa pale kufanya nini machoni pa mtazamaji. Yuko pale ili bwana wa mikono mfukoni aone haya. Ni kana kwamba anaambiwa, "Hata mtoto yumo, wewe je?" Na mtoto mwenyewe, anayelitazama bango hilo akiwa na miaka kumi na miwili, anajifunza nini? Anajifunza kwamba mahali pake pamekwisha kutengwa, na kwamba akikua atapanda safu moja hadi kwa askari. Baden-Powell alisema mara nyingi kwamba uskauti ni mafunzo ya uraia mwema, si ya uaskari. Picha yake mwenyewe inaupitisha mpaka huo karibu sana na bunduki. Nasema haya nikiwaheshimu maskauti wetu, ambao nawaona wakipanda miti na kusafisha mji. Kumheshimu mtu hakutuzuii kuisoma kazi yake.

KIPEPEO NA NGOME

Mwaka ule ule wa 1915 Baden-Powell alitoa kitabu kuhusu ujasusi wake, *My Adventures as a Spy*. Humo anaeleza hila moja ya ajabu. Alipotaka kuchunguza ngome ya adui, alijifanya mtu anayekusanya vipepeo. Akabeba wavu na daftari. Akachora kipepeo mzuri, na katika mistari ya mbawa zake akaficha ramani ya ngome pamoja na mahali mizinga ilipo. Mlinzi akilifungua daftari anaona mdudu tu.

Huyo ndiye mwalimu wetu leo. Ametufundisha mwenyewe kwamba mchoro unaweza kubeba kitu ambacho mtazamaji wa haraka hakioni. Basi tulichukue somo lake tulitumie kwenye bango lake. Chini ya mbawa hizi kumefichwa nini? Au tuseme, kumeachwa nani?

NANI HAYUMO?

Mwaka 1915, bango hilo lilipokuwa likibandikwa Uingereza, nchi yetu nayo ilikuwa vitani. Wakati huo iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, na upande wa pili wa mpaka kulikuwa na Tanganyika ya Wajerumani, iliyolindwa na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua ng'ombe, farasi na nyumbu wa kuvuta mizigo. Kilichobaki ni kichwa na mgongo wa Mwafrika. Chakula, risasi, dawa, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa na wapagazi.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kama walivyolisikia, na hivyo ndivyo Nairobi ilivyopata Kariokor na Dar es Salaam ikapata Kariakoo. Unaponunua kiondo pale Kariokor unalitaja jeshi la wapagazi bila kujua.

Je, wapagazi hao waliitwa kwa bango? Mwanzoni wapo waliokwenda kwa hiari. Lakini mwaka 1915 serikali ilitunga sheria iliyoruhusu watu wachukuliwe kwa lazima, na mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi mwanzoni mwa kazi. Mwaka 1917 ndipo palipokuja msako mkubwa chini ya John Ainsworth. Machifu waliagizwa kutoa watu, na nchi ya Wakikuyu, pamoja na sehemu zetu hizi za Nyeri, haikusazwa. Kijana mmoja aliyeitwa Kamau, ambaye baadaye alijulikana kama Jomo Kenyatta, alikwenda kukaa na jamaa zake Wamaasai huko Narok ili asichukuliwe. Wakristo wa misheni, wakiwemo wa Tumutumu hapa kwetu, waliunda kikosi chao cha wapagazi chini ya Daktari John Arthur, watu zaidi ya 1,500. Waliona heri kwenda pamoja na mtu wanayemjua kuliko kukamatwa mmoja mmoja.

Sasa iweke sheria hiyo kando ya bango. Mwingereza wa 1915 aliulizwa, "Je, wewe umo?" Mkulima wa Tetu au Mathira hakuulizwa. Bango ni adabu ya mtu anayeomba. Anayeweza kulazimisha haoni haja ya kuchapisha picha. Na Uingereza yenyewe, ilipopitisha sheria ya kulazimisha vijana wake mwaka 1916, haikuhitaji tena kubembeleza kwa namna ile ile.

Wapagazi waliofariki walikuwa wengi kupita kiasi. Hesabu ya serikali ilifika zaidi ya 40,000, na wanahistoria wa baadaye wanakadiria kuwa jumla yao katika vita vya Afrika Mashariki ilikaribia laki moja. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Na vita vyenyewe huku kwetu vilichelewa kwisha. Ulaya silaha ziliwekwa chini tarehe 11 Novemba 1918, lakini von Lettow-Vorbeck alizisalimisha zake tarehe 25 mwezi huo, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Kwa hiyo rudi kwenye ule mnyororo wa mikono. Askari, baharia, muuguzi, wafanyakazi, skauti. Picha inasema: hawa ndio waliomo. Mpagazi hayumo. Simlaumu mchoraji kwa kutomchora, maana bango lilikuwa la mitaa ya Uingereza. Ninachosema ni kwamba picha inayojidai kuonyesha "wote" huamua pia nani asihesabiwe.

Baada ya vita serikali iliwakumbuka kwa sanamu. Ukipita Kenyatta Avenue, Nairobi, utaona watu watatu wa shaba nyeusi, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na mpagazi ni mmoja wao. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na yanaahidi kwamba hawatasahauliwa. Lakini jina la mpagazi hata mmoja halikuandikwa pale. Wamo, ila hawana majina.

KIKARATASI CHA 1956

Nisimalize bila kutaja vita vilivyopiganiwa katika misitu yetu wenyewe. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, serikali ya kikoloni ilijua vizuri nguvu ya karatasi. Ndege zilidondosha vikaratasi juu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwaambia wapiganaji wa Mau Mau wajisalimishe. Nyingine zilifungwa vipaza sauti, mlima ukahutubiwa kutoka angani. Mwaka 1953 walioitikia waliambiwa watoke wameshika tawi bichi. Wengine waliolengwa walikuwa wameziona propaganda za Waingereza kutoka upande wa pili. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alikuwa amewapigania huko Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Kule walimwambia yumo. Aliporudi akaona hayumo.

Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, hapa Nyeri. Picha yake ilitangazwa magazetini na kwenye maelfu ya vikaratasi. Chambua mpangilio wake. Amelala kwenye machela. Mikono yake, tena mikono, imo ndani ya pingu. Nywele zake ndefu za msokoto hazikuchanwa. Anayemtazama anamwangalia kutoka juu kwenda chini, kama vile amesimama mahali pa askari. Waliosambaza picha hiyo walitaka wanavijiji waseme, "Kumbe ni mtu tu, tena amekwisha." Akashtakiwa katika mahakama ya Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Kisha jambo la ajabu likatokea. Picha ikawakimbia wenyewe. Wakenya waliitazama ile ile, bila kubadilisha hata nukta, wakaona kitu kingine. Pingu zikawa ushahidi dhidi ya aliyezifunga. Nywele zikawa fahari. Leo picha hiyo imo kwenye fulana na kuta za vibanda. Na tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa kwake, sanamu yake ilizinduliwa Nairobi, katika barabara inayoitwa kwa jina lake. Pale hakulala. Amesimama juu ya jiwe, bunduki katika mkono mmoja na kisu katika mwingine. Mtazamaji analazimika kuinua kichwa. Aliyeichonga alijua kwamba ile picha ya machela ilihitaji kujibiwa, akaijibu kwa kumsimamisha mtu na kuifungua mikono yake.

Ila tusijidanganye. Sanamu nayo ni bango. Inachagua, inapanga na inaacha. Wanawake waliopeleka chakula msituni usiku hawamo juu ya jiwe lile.

MASWALI MANNE YA KUUBEBA

Wanafunzi wenzangu, mabango hayakwisha na vita. Yako kwenye stendi ya matatu wakati wa uchaguzi, kwenye ukuta wa duka la pombe, na yanaingia kwenye simu za wazazi wetu kila asubuhi. Kwa hiyo ninapendekeza maswali manne, ambayo chama chetu kinaweza kuyajaribu kwa picha yoyote itakayoletwa mkutanoni:

1. Nani anafanya kazi katika picha hii, na nani anatazamwa tu? Anza na mikono.

2. Nani yuko juu na nani yuko chini, nani amesongwa na nani ametengwa?

3. Maneno yanauliza swali au yanatoa amri? Kama ni swali, je, jibu limekwisha kutolewa na picha?

4. Nani hayumo?

La nne ndilo gumu, kwa sababu jicho huona kilichopo. Ili kumwona asiyekuwepo lazima uwe na habari kutoka kwingine: kwa nyanya yako, kwa kitabu, kwa jina la soko. Ndiyo maana nikasema mwenye macho naye aambiwe tazama.

Atakayepita Nyeri mjini na alisome jiwe la Mzee wa Paxtu, na aitazame ile alama ya duara na nukta. Ni mchoro mdogo sana, wenye ndani na nje. Kisha amwulize mzee yeyote wa kijijini kwao kama kulikuwa na mtu wa ukoo aliyechukuliwa Kariokor asirudi. Akipata jina, aliandike, alilete kwenye chama. Toleo lijalo tutalichapa.